Nani Husema na Nani? Mtandao wa Wahusika katika Kufundisha Tamthilia

Katika masomo ya fasihi hakuna swali linaloulizwa mara nyingi kama hili: "Mhusika mkuu ni nani?" Huulizwa shuleni, huulizwa vyuoni, na huulizwa katika mitihani. Sisi tulio wakufunzi tumelizoea mno, hata mara nyingine tunasahau kujiuliza jibu lake hupatikanaje.

Mwaka mmoja tuliwapa wanachuo wetu swali hilo kuhusu Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Karibu darasa zima lilijibu kwamba mhusika mkuu ni Caesar, kwa kuwa tamthilia imeitwa kwa jina lake. Mwanachuo mmoja tu aliandika kwamba ni Brutus, wala hakutoa sababu. Tulimnyima alama. Alipokuja kuuliza, tulimtaka atuonyeshe ushahidi wake. Akajibu, "Mwalimu, kila nikisoma naona hivyo." Tukamwambia kwamba kuona si ushahidi, akaenda zake.

Baadaye tulipoketi tukaihesabu tamthilia ile onyesho kwa onyesho, tuliona haya. Mwanachuo yule alikuwa ameliona jambo la kweli, ila alikosa chombo cha kulionyesha. Sisi tulikuwa na kalamu nyekundu, na ushahidi wetu haukupita jalada la kitabu.

Katika makala haya tutaeleza chombo kimoja kinachoweza kumsaidia msomaji kuthibitisha anachokiona. Wataalamu hukiita uchambuzi wa mtandao wa wahusika. Siku hizi hutumiwa zaidi kwa kompyuta, lakini msingi wake unaweza kufundishwa kwa chaki na ubao. Tutaeleza asili yake, tutaujaribu katika Juliasi Kaizari, tutaonyesha mipaka yake, na mwisho tutazungumzia matumizi yake katika shule ya msingi.

Asili ya njia hii

Wazo lenyewe ni la hesabu. Mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alilishughulikia fumbo la mji wa Königsberg, uliokuwa na madaraja saba: je, mtu aweza kutembea na kuvuka kila daraja mara moja tu? Euler hakujishughulisha na urefu wa madaraja wala upana wa mto. Alitazama jambo moja tu, yaani sehemu ipi ya nchi imeunganishwa na ipi. Akathibitisha kwamba matembezi hayo hayawezekani. Huo ndio mwanzo wa elimu ya nukta na mistari.

Mwaka 1934 daktari Jacob Moreno, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alichapisha kitabu ambamo wazo la namna hiyo lilitumiwa kwa watu. Aliwauliza watoto wa shule wangependa kukaa darasani karibu na nani, kisha akachora kila mtoto kama nukta, na kila chaguo kama mstari. Mara moja ikaonekana ni nani anayechaguliwa na wengi, na ni nani asiyechaguliwa na mtu yeyote. Yafaa walimu wakumbuke kwamba chombo hiki kilipitia darasani kabla ya kuingia katika uhakiki wa tamthilia.

Katika fasihi, mwanahisabati wa Romania Solomon Marcus aliionyesha njia ya kuichunguza tamthilia kwa jedwali la wahusika na maonyesho katika kitabu chake cha mwaka 1970. Mwaka 2011 mhakiki wa Kiitalia Franco Moretti alitoa makala iliyosomwa sana, ambamo aliuchora mtandao wa Hamlet. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: wahusika wawili wakibadilishana maneno, huunganishwa kwa mstari. Yeye mwenyewe aliuchora kwa mkono. Tangu wakati huo kazi hii imehamia zaidi katika kompyuta, nasi tutaieleza baadaye kidogo. Kwanza tuifanye wenyewe.

Kuchora mtandao wa Juliasi Kaizari

Tumeichagua tamthilia hii kwa sababu inapatikana kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere aliitoa mara ya kwanza mwaka 1963, akaitengeneza upya na kuitoa tena mwaka 1969. Majina ya wahusika tutayaandika kama yalivyo katika Kiingereza, ili yasitofautiane na matoleo mengine. Kwa mgawanyo wa kawaida, tamthilia ina sehemu tano na maonyesho 18.

Hatua ya kwanza ni jedwali. Andikeni majina ya wahusika kutoka juu kwenda chini, na namba za maonyesho kutoka kushoto kwenda kulia. Kila mhusika anapokuwamo katika onyesho, tieni alama katika mraba wake. Kazi hii huonekana kuwa ya kitoto, lakini haifanyiki bila kukifungua kitabu kila ukurasa, na hiyo ndiyo faida yake ya kwanza.

Jumlisheni sasa. Brutus yumo katika maonyesho 12. Cassius yumo katika maonyesho 9, na Antony katika 8. Caesar, ambaye jina lake liko jaladani, yu hai katika maonyesho 3 tu. Anauawa katika onyesho la kwanza la sehemu ya tatu, na baada ya hapo mwili wake unaletwa mbele ya watu, na mzuka wake unamtokea Brutus usiku. Ushahidi aliokuwa akiutafuta mwanachuo wetu ni huo.

Hatua ya pili ni mchoro. Kila mhusika awe nukta. Wahusika wawili wanaosemezana waunganishwe kwa mstari. Anzeni na wale wenye alama nyingi mkawaweke katikati, kisha wapangeni wengine kandokando. Mchoro wa kwanza utakuwa na mistari iliyopitana ovyo. Msikate tamaa, uchoreni tena, kwani katika kuupanga upya ndipo makundi yanapojitenga yenyewe.

Mtandao unatuonyesha nini

Mambo matatu hujitokeza ambayo msomaji wa kawaida hupita bila kuyaona.

La kwanza ni habari ya Cassius na Caesar. Cassius ndiye aliyeuanzisha mpango wa mauaji, na ndiye anayemchukia Caesar kwa maneno makali. Lakini tukitafuta mahali anapomsemesha Caesar uso kwa uso, tunapakuta pamoja tu: katika onyesho lile lile la mauaji, muda mfupi kabla ya visu kutoka. Caesar naye humzungumzia Cassius mapema, lakini maneno yale humwambia Antony. Basi chuki nzima ya nusu ya kwanza ya tamthilia imejengwa kwa watu wawili wanaosemana bila kusemezana. Mwalimu akiuliza darasani, "Je, mtu aweza kumchukia mtu asiyezungumza naye?" somo la maadili limekwisha kupatikana ndani ya somo la fasihi.

La pili ni wale waliokula njama. Casca, Decius, Cinna, Metellus na Trebonius wamejaa katika sehemu za kwanza. Baada ya sehemu ya tatu hakuna hata mmoja wao anayerudi jukwaani. Wanaomzunguka Brutus vitani ni watu wapya, kama Messala, Titinius na Lucilius, ambao hatukuwaona kabla ya sehemu ya nne. Katika wote walioshika visu, waliobaki ni Brutus na Cassius peke yao, na katika sehemu ya nne hao wawili wanagombana. Jedwali linatuonyesha upweke wa Brutus hata kabla hatujayasoma maneno yake.

La tatu hupatikana kwa kifutio. Mfuteni Brutus katika mchoro. Askari Varro na Claudius watabaki bila mstari hata mmoja, kwa maana hawakusema na mtu mwingine. Clitus na Dardanius watabaki wawili peke yao. Portia, mkewe, atabaki ameshikiliwa na kijana mtumishi Lucius na yule mtabiri tu. Mhusika ambaye akiondolewa wengine hupoteza njia ya kufikiana, huyo ni daraja la tamthilia.

Kisha mwangalieni Caesar, ambaye mtunzi mwenyewe amemfuta. Kabla ya kifo chake, Brutus na Antony hukutana mara kwa mara kwa sababu yake. Baada ya hotuba zao mbele ya umati, hawakutani tena mpaka siku ya vita, katika sehemu ya tano. Roma imekatika vipande viwili, na mchoro nao umekatika vivyo hivyo. Hapa ndipo tunapoona kwamba wale waliojibu "Caesar" nao walikuwa na hoja, ingawa hawakuitoa. Brutus ndiye aliyebeba mistari mingi, lakini Caesar ndiye ambaye kuondoka kwake kumeupasua mtandao. Kila jibu lina kipimo chake, na kosa letu lilikuwa kutoa alama bila kuuliza kipimo.

Kazi ya kompyuta

Mtu aweza kuuliza: ikiwa karatasi inatosha, kompyuta ya nini? Jibu ni wingi na wepesi. Kuihesabu tamthilia moja kwa mkono huchukua siku nzima. Kuzihesabu mia moja kungechukua miezi. Kompyuta hufanya hesabu hiyo kwa muda mfupi, ilimradi matini yawe yametayarishwa. Matayarisho maana yake ni kwamba katika nakala ya kompyuta kila usemi umetiwa alama inayoonyesha msemaji ni nani, na kila onyesho limetiwa alama ya mwanzo na mwisho. Hapo mashine inaweza kujaza jedwali lile lile tulilolijaza kwa kalamu.

Kuna hazina ya tamthilia zilizotayarishwa hivyo katika intaneti, iitwayo DraCor, iliyotangazwa mwaka 2019. Ndani yake zimo tamthilia za Shakespeare pamoja na za Kijerumani, za Kirusi na za lugha nyingine, na mitandao yake huonekana bila malipo. Programu iitwayo Gephi, nayo isiyolipiwa, huchora nukta na mistari na kukokotoa vipimo vyake: idadi ya mistari ya kila nukta, na ni nukta ipi iliyo njiani baina ya nyingine nyingi. Mwanachuo mwenye nafasi ya kutumia kompyuta chuoni na ajaribu.

Hata hivyo yafaa aanze kwa mkono, nasi tuna sababu. Kila mtandao umejengwa juu ya kanuni fulani, na kompyuta haitaji kanuni yake isipoulizwa. Mara nyingi mashine huwaunganisha wahusika wote wanaosema katika onyesho moja. Kwa kanuni hiyo, Calpurnia, mke wa Caesar, ana mstari unaomfunga na Cassius, kwa kuwa wote wawili husema katika onyesho la pili la sehemu ya kwanza. Kwa kanuni ya kusemezana, mstari huo haupo, maana hawakuambiana neno. Aliyekwisha kujaza jedwali kwa kalamu ataliona jambo hili mara moja. Asiyelijaza ataupokea mchoro kama neno la mkubwa lisilojibiwa.

Mtandao usichoweza kuona

Sasa tufikie mipaka, na tamthilia yenyewe inatupa mfano bora kuliko ambao tungeweza kuutunga. Katika onyesho la tatu la sehemu ya tatu, umati uliokasirishwa na kifo cha Caesar unakutana na mtu aitwaye Cinna. Mmoja wa waliomwua Caesar naye huitwa Cinna. Mtu huyu anajitetea kwamba yeye ni mshairi, si yule wa njama. Hawamsikii. Wanamshambulia kwa sababu ya jina lake.

Mashine isiyoelekezwa vema hufanya kosa lile lile la umati. Ikisoma majina tu, itawaunganisha Cinna wawili kuwa nukta moja, na mshairi asiye na hatia atachorwa miongoni mwa wauaji. Wanaotayarisha matini huzuia kosa hili kwa kumpa kila mhusika alama yake pekee, lakini alama hiyo hutolewa na binadamu aliyesoma na kuelewa. Hakuna hesabu inayoweza kuchukua nafasi ya kusoma huko.

Umati wenyewe ni tatizo jingine. Je, watu wale wahesabiwe kuwa nukta moja, au kila raia anayesema awe na nukta yake? Ukiwafanya mmoja, unaificha tofauti ya sauti zao. Ukiwatenganisha, unaificha nguvu yao, kwa maana wao wakiwa pamoja ndio walioigeuza Roma. Tena mstari hauonyeshi kilichosemwa. Mstari wa Brutus na Portia ni mstari kama mwingine. Haujui kwamba katika onyesho moja tu mke yule anaomba aaminiwe na mumewe, na kwamba hapo ndipo tunapomwona Brutus asiye mwanasiasa. Mhusika mwenye mistari mitatu aweza kugusa moyo kuliko mwenye mistari thelathini.

Kwa hiyo mtandao hausemi neno la mwisho. Kazi yake ni kutuonyesha mahali pa kuuliza, kisha kuturudisha kitabuni tukiwa na swali lililo wazi.

Katika shule ya msingi

Watoto wa shule ya msingi hawatasoma Juliasi Kaizari, wala hawahitaji kompyuta. Lakini wanaigiza hadithi, na igizo lolote lenye wahusika watano au sita linatosha. Kifaa kinachohitajika ni donge la uzi au kamba nyembamba.

Wahusika wasimame katika duara. Anayeanza kusema ashike ncha ya uzi. Akimsemesha mwenzake, amrushie donge huku akiendelea kuishika sehemu yake. Mwenzake akijibu au akimsemesha mwingine, afanye vivyo hivyo. Igizo likiisha, mtandao umesukwa katikati ya duara, na darasa zima linauona.

Hapo mwalimu aulize maswali kwa utaratibu huu. Kwanza: nani ameshika nyuzi nyingi? Watoto watahesabu. Pili: huyu akiachia nyuzi zake, nani atabaki hashikani na mtu? Aachie kweli, na watoto waone sehemu iliyolegea. Tatu: nani ameshika uzi mmoja tu, na je, asingekuwapo hadithi ingekwendaje? Swali hili la tatu msiliache, kwa maana bila hilo watoto watajifunza kwamba asemaye sana ndiye mwenye thamani. Mathalan, mzee anayetokea mara moja katika hadithi na kumwonya Sungura ana uzi mmoja, lakini hadithi nzima imetundikwa juu ya onyo lake.

Kipindi kinachofuata, wanafunzi wachore nukta na mistari katika madaftari yao na kuandika sentensi mbili: moja ya walichohesabu, na moja ya wanachofikiri. Watofautishe hayo mawili. Mtoto aliyejifunza kusema "nimehesabu hivi, kwa hiyo nafikiri hivi" amepata jambo litakalomfaa katika hesabu, katika sayansi na katika maisha ya ujirani.

Tuongeze onyo moja. Msiwachore watoto wenyewe ubaoni kwa urafiki wao, kama Moreno alivyowachora katika kitabu. Mwalimu aweza kuifanya kazi hiyo faraghani ili amjue mtoto mpweke na kumsaidia. Kuitundika mbele ya darasa ni kumwaibisha.

Wanachuo watakaopenda kuendelea wanaweza kuijaribu njia hii katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Jazeni jedwali, choreni, kisha mlinganishe mitandao yenu. Itakapotofautiana, msikimbilie kufuta. Ulizaneni kwanza kila mmoja alifuata kanuni gani.

Nasi tumebadili namna ya kuuliza. Siku hizi swali letu la mtihani husomeka hivi: "Chagua mhusika unayemwona kuwa mkuu, eleza umetumia kipimo gani, na uonyeshe maonyesho yanayokuunga mkono." Kusahihisha kumekuwa kugumu zaidi, kwa maana majibu hayafanani tena. Ama mwanachuo yule wa kwanza, alikwisha kupangiwa kazi tulipogundua kosa letu. Tulimwandikia barua na kumwambia kwamba jibu lake lilistahili alama, na ushahidi aliokosa kuutoa tukamwambatishia: jedwali la maonyesho 18, lililojazwa kwa mkono wetu.